Usukani unacheza, gari linatangatanga: kabla hujanunua steringi boksi

Swali la msomaji: "Gari langu ni 4x4 ya miaka ya 1990, ekseli ya mbele ni ya chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu na springi ni za koili. Limeinuliwa sentimita 5 na lina matairi makubwa kidogo kuliko ya awali. Usukani unacheza kiasi cha vidole vitatu kabla gari halijaitika. Kwenye lami, kuanzia kilomita 80 kwa saa, linatangatanga na inabidi nilirekebishe muda wote. Nikigonga shimo kwa mwendo huo, mbele kote kunatetemeka mpaka nipunguze mwendo sana. Nilibadilisha shokapu ya usukani, tetemeko likaisha kwa miezi miwili, sasa limerudi. Fundi akakaza skrubu ya steringi boksi, ile boksi ya gia za usukani. Pleyi, yaani kule kucheza, ilipungua kidogo, lakini tangu hapo usukani haurudi wenyewe nikimaliza kona. Ananiambia ninunue steringi boksi nyingine. Nikubali?"

Jibu:

Ndugu yangu, usikubali bado. Na kabla ya jambo lingine lolote, mwambie fundi airudishe ile skrubu mahali ilipokuwa. Usukani unaogoma kurudi baada ya skrubu kukazwa unakuambia kwamba meno ya ndani sasa yanabanana pale katikati, na ukiendelea kuendesha hivyo utaharibu steringi boksi ambayo huenda haikuwa na kosa.

Sasa tusikilize gari lako linasema nini, maana una malalamiko matatu na umeyachukulia kama moja. Usukani kucheza ni jambo moja: mkono unasogea, gurudumu halisogei. Gari kutangatanga ni jambo la pili, na linaweza kutokea hata kwenye gari lisilo na pleyi kabisa. Tetemeko baada ya shimo ni la tatu. Yote matatu yanaweza kuwa na chanzo kimoja, lakini usianze kwa kudhani hivyo. Nimeona watu wakinunua vipuri vya tatizo la kwanza ili kutibu la pili, kisha wakashangaa kwamba pesa imekwenda na gari bado linatapatapa barabarani.

Kwanza nikuonyeshe kwa nini vitu vidogo vinakusumbua hivi. Chukua usukani wenye kipenyo cha sentimita 40. Vidole vitatu, tuseme sentimita 6 kwenye ukingo wake, ni karibu digrii 17 za mzunguko. Steringi boksi nyingi za magari haya hupunguza mzunguko kwa uwiano wa takriban 17 kwa 1, kwa hiyo hizo digrii 17 kwenye mikono yako ni digrii 1 tu kwenye magurudumu. Lakini digrii 1 si kidogo. Gari lenye mita 2.8 kati ya ekseli, likielekeza magurudumu digrii 1 upande mmoja kwa kilomita 80 kwa saa, linaweza kuhama zaidi ya mita moja ndani ya sekunde moja. Na ukirudi upande wa vyuma: mkono wa gurudumu ambao tairodi (chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele) imefungwa juu yake una urefu wa sentimita 17 hivi. Milimita 1 ya kulegea hapo inakuwa karibu sentimita 2 kwenye usukani. Maana yake, viungo vitatu vilivyolegea milimita moja moja vinatosha kukupa vidole vyako vitatu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho fundi mwenye haraka angekiona kibovu. Ndiyo maana nasema tafuta kwanza, nunua baadaye.

Anza na matairi, kwa sababu hayahitaji spana. Pima upepo yakiwa ya baridi, yote manne, na usawazishe kulia na kushoto. Tairi ya nyuma yenye upepo mdogo hulifanya gari liyumbe kiasi kwamba dereva atakuapia tatizo liko kwenye usukani. Kisha hamisha matairi ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, uendeshe barabara ileile. Tabia ya gari ikibadilika, umepata sehemu ya jibu bila kununua chochote. Matairi ya matope yenye meno marefu hujipinda kwenye lami, na hilo halitibiki kwa kukaza nati. Hakikisha pia loki ya difu ya kati (kifungio kinacholazimisha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja), kama gari lako linayo, haijabaki imefungwa, na habu za mbele (vitovu vya magurudumu) hazijabaki kwenye 4x4 ukiwa barabara kavu.

Kipimo kikubwa kinahitaji watu wawili na dakika ishirini. Gari lisimame juu ya ardhi ngumu, magurudumu yote chini, breki ya mkono imefungwa. Usilinyanyue, tunataka uzito wote uwe juu ya viungo. Kama lina pawa steringi, injini iwake. Mwenzako akae ndani na auchezeshe usukani kushoto na kulia, kidogo tu, pale pale panapolegea na kuzidi kidogo ili magurudumu yaanze kusukumwa, kwa mdundo wa kama mara moja kwa sekunde, bila kuacha. Wewe ingia chini upande wa mbele, mbali na njia ya magurudumu, ufuate mwendo huo kutoka juu hadi chini.

Usitumie macho peke yake. Weka kiganja juu ya kila kiungo, vidole viwili vikigusa upande mmoja wa kiungo na kidole gumba upande wa pili. Kiungo kizima utakisikia kikienda kama kitu kimoja. Kilicholegea kina mguso wake: upande mmoja unaanza, kuna kimya kifupi sana, kisha upande wa pili unafuata kwa kigongo kidogo kinachopiga ndani ya vidole. Ukishausikia mara moja hutausahau. Anzia kwenye shafti inayotoka kwa dereva, kwenye krosi zake na ile raba ya kuunganishia kama ipo. Nenda kwenye steringi boksi: shika shafti inayoingia kwa mkono mmoja, na mkono wa pitmani (chuma kinachozungushwa na boksi) unaotoka kwa mkono mwingine. Shafti ikizunguka na pitmani ikasubiri, pleyi iko ndani ya boksi, na fundi wako ana hoja. Vikienda pamoja, boksi haina hatia.

Lakini usiondoke hapo bado. Itazame boksi yenyewe mahali ilipofungwa kwenye chasisi. Boksi nzima ikijisogeza hata nywele moja, kuna boliti zilizolegea au chasisi imepasuka kuzunguka matundu. Safisha matope kwa brashi ya waya, tafuta mstari mwembamba wa kutu unaochora rangi. Magari yaliyofanya kazi ngumu, hasa yenye matairi makubwa, hupasuka hapo. Ukiuona ufa, gari lisitoke mpaka lichomelewe na mtu anayejua kuchomelea chasisi.

Endelea: nati ya pitmani, kisha dragi linki (chuma kinachotoka pitmani kwenda kwenye gurudumu) ncha zote mbili, kisha tairodi ndefu ncha zote mbili. Tairodi endi, yaani kiungo cha kwenye ncha, inaruhusiwa kujizungusha kwenye pini yake, hivyo ndivyo ilivyoundwa, lakini isiruhusiwe kupanda na kushuka wala kusogea kwa pembeni. Pini yake imekaa kwenye tundu lenye umbo la koni. Ukiona unga wa kutu unatoka kwenye ukingo wa koni hiyo, imekuwa ikitembea ndani ya tundu, na hapo kubadilisha endi bila kukagua tundu ni kazi bure.

Nimefika sehemu ambayo ningependa uitazame kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote: panhadi. Ni chuma kirefu cha mshazari, ncha moja kwenye chasisi, nyingine kwenye ekseli, na kazi yake ni kuzuia ekseli isihame kushoto na kulia. Elewa kinachotokea bushi zake (raba za kwenye ncha) zikichoka. Usukani unapogeuka, pitmani inasukuma dragi linki kwa pembeni. Kama panhadi imelegea, nguvu hiyo haigeuzi magurudumu kwanza. Inahamisha ekseli nzima kwa pembeni mpaka bushi zigote. Dereva anahisi pleyi. Viungo vyote vya usukani ni vizima, steringi boksi ni nzima, na bado usukani unacheza.

Mimi mwenyewe lilinipata. Gari langu la kwanza la aina hii lilikuwa na dalili hizi zako, karibu neno kwa neno. Nilibadilisha steringi boksi, nikabadilisha tairodi endi zote nne, na tetemeko likabaki vilevile. Siku moja nikiwa chini ya gari, mwenzangu akichezesha usukani, nilishika boliti ya panhadi upande wa chasisi kwa sababu tu nilihitaji mahali pa kushika. Ikanicheza mkononi. Tulipoichomoa, tundu la kishikizo chake kwenye chasisi halikuwa duara tena. Lilikuwa limekuwa yai, na shingo ya boliti ilikuwa imeng'aa upande mmoja kama kijiko. Milimita mbili hivi za uwazi. Bushi zilikuwa mpya kabisa, ndiyo maana kila aliyezitazama aliipitisha panhadi bila wasiwasi. Tangu hapo sitazami bushi ya panhadi bila kutazama boliti na tundu lake.

Kwa hiyo mwenzako anapochezesha usukani, lala mahali unapoona ekseli na chasisi kwa pamoja, utazame kama ekseli inakwenda pembeni. Bushi nzima huachia kidogo sana. Ukiona mwendo wa wazi, au ukasikia kugonga, chomoa boliti zote mbili na uzikague mkononi. Chuma kinachong'aa mahali ambapo pangepaswa kuwa na rangi au kutu ni ushahidi tosha.

Baada ya hapo, nyanyua mbele kwa jeki na uweke stendi imara chini ya ekseli. Usiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Shika tairi juu na chini, vuta na usukume kwa kupokezana. Likicheza, chanzo ni kimoja kati ya viwili: beringi za habu au beringi za kingpini (egemeo ambalo gurudumu hugeukia kushoto na kulia). Kuvitenganisha ni rahisi. Mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu, wewe uendelee kutikisa. Breki hushikamanisha habu na mkono wa gurudumu, hivyo pleyi ikipotea ilikuwa beringi za habu. Ikibaki, ni kingpini.

Kingpini zina tabia nyingine ambayo kipimo hicho hakiionyeshi. Gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja, kwa hiyo beringi zake hujichimbia vishimo katika mkao huohuo mmoja. Fungua tairodi na dragi linki, kisha geuza kila gurudumu kwa mkono, taratibu, kutoka upande hadi upande. Kama katikati unahisi linataka kutulia kwenye kishimo, beringi zimekwisha hata kama hazichezi. Gari la namna hiyo hutangatanga kwa namna ya kuchosha: halitaki kwenda hatua ndogo ndogo, linaruka kutoka kwenye kishimo kisha linahitaji kurudishwa. Na kingpini zilizopoteza mkazo wake ni rafiki mkubwa wa tetemeko. Mkazo huo hupangwa kwa shimu (vibati vyembamba), na hupimwa kwa mizani ya springi inayovuta mkono wa gurudumu. Kitabu cha gari lako kina namba yake. Usikubali ipangwe kwa kukisia.

Sasa kasta, kwa sababu gari lako limeinuliwa. Kasta ni ule mlalo wa kingpini kuelekea nyuma unaofanya gurudumu lifuate, kama gurudumu la mbele la baiskeli linavyonyooka lenyewe ukiachia mikono. Magari mengi ya namna yako yalitoka kiwandani na takriban digrii 3. Unapoinua koili kwa sentimita 5, ile mikono mirefu inayoshika ekseli huizungusha ekseli mbele, na unapoteza digrii 2 au zaidi. Kinachobaki hakitoshi. Usukani unakuwa mwepesi, hauna hamu ya kurudi katikati, na gari linafuata kila mfereji wa lami. Hakuna kiungo kilicholegea, na hakuna fundi atakayepata cha kukaza. Nenda kwenye mashine ya alaimenti uombe namba ya kasta ya kila upande iandikwe kwenye karatasi. Usitegemee waipange, kwani kwenye ekseli ya chuma kimoja haipangiki kwa spana. Inarudishwa kwa bushi maalumu zenye tundu lililokaa nje ya katikati, au kwa mikono ya ekseli iliyoundwa kwa gari lililoinuliwa. Mimi nadhani, kwa maelezo yako, hii ndiyo nusu ya tatizo lako la kutangatanga. Namba ya mashine itasema kama nimekosea.

Wakati uko hapo chini, litazame gari kutoka mbele na ulinganishe mlalo wa dragi linki na wa panhadi. Vinatakiwa vilale sambamba. Kimoja kikiwa kimeinama kuliko kingine, ekseli ikipanda na kushuka kwenye tuta inavuta usukani, na gari hubadili njia lenyewe.

Sehemu ya nyuma nitaipitia haraka, lakini usiiruke. Endesha polepole mahali palipo wazi, kanyaga mafuta, achia, kanyaga, achia. Kama gari linachukua hatua ya pembeni kila unapoachia, bushi za mikono ya nyuma zimechoka na ekseli ya nyuma inajigeuza yenyewe. Tumia mtaimbo kusukuma kila bushi. Raba iliyopasuka kidogo juu si kosa. Raba iliyoachana na chuma ni kosa.

Turudi kwenye steringi boksi, nisije nikaonekana kuitetea bila sababu. Boksi hizi zimetengenezwa zibane zaidi katikati kabisa na kulegea kidogo kila unapokwenda pembeni. Hilo lina matokeo ambayo wengi hawayajui: kama magurudumu yamenyooka lakini boksi haiko katikati yake, utaendesha gari kwenye sehemu yake iliyolegea siku zote. Inatokea mara nyingi. Mtu anapanga alaimenti, usukani unakaa upande, na badala ya kurekebisha urefu wa dragi linki, anachomoa usukani na kuurudisha kwenye meno mengine ili uonekane umenyooka. Kukagua ni hivi: fungua dragi linki kwenye pitmani, zungusha usukani hadi mwisho wa upande mmoja bila kulazimisha, hesabu mizunguko hadi mwisho wa upande wa pili, kisha rudi nusu yake. Hapo ndipo katikati ya boksi. Dragi linki irekebishwe mpaka magurudumu yanyooke boksi ikiwa hapo. Nimeona pleyi ikipungua kwa nusu kwa kazi hiyo peke yake.

Baada ya viungo vyote kuwa vizima na boksi kuwa katikati, kama bado pitmani inasubiri shafti, ndipo skrubu iguswe. Dragi linki iwe imefunguliwa, boksi iwe katikati, na skrubu izungushwe kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko kwa kila mara, huku ukigeuza usukani kuvuka katikati. Ukianza kuhisi kugoma, umezidi. Boksi isiyokubali kupoteza pleyi bila kugoma, hiyo ndiyo ya kubadilisha au kufunguliwa.

Kuhusu shokapu ya usukani: haikuwahi kuwa ugonjwa wako. Ile mpya ilikuwa na nguvu ya kunyamazisha tetemeko kwa miezi miwili, kisha ikachoka kwa kubeba kazi isiyo yake. Gari zima la namna hii haliingii kwenye tetemeko hata shokapu hiyo ikiwa dhaifu. Tetemeko lenyewe linahitaji kitu kilicholegea na kitu cha kulianzisha, ambacho kwako ni shimo, na balansi mbaya ya tairi inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Likikushika barabarani kabla hujatengeneza, shika usukani imara bila kushindana nao, ondoa mguu kwenye mafuta, acha mwendo ushuke. Na mpaka utakapopata chanzo, usizidi kilomita 60 kwa saa, na usipakie abiria kwa safari ndefu.

Utaratibu wa kutengeneza una umuhimu wake. Viungo na panhadi kwanza, kingpini na beringi za habu pili, kasta tatu, na mwelekeo wa magurudumu (yanatazama ndani au nje kiasi gani) mwisho kabisa, kwani kuupanga wakati endi zinacheza ni kupima kwa rula ya mpira. Huu unaweza kuukagua mwenyewe: chora alama ya chaki katikati ya kila tairi la mbele, upande wa nyuma, kwenye usawa wa habu. Pima umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele mpaka alama zilezile zije mbele kwenye usawa uleule, pima tena. Tofauti ndiyo mwelekeo wako. Baadhi ya magari haya hutaka matairi yaelekee ndani milimita chache, mengine sifuri au nje kidogo, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako na si mazoea ya gereji.

Na jambo ambalo limeua bushi nyingi mpya: boliti za bushi za raba, za panhadi na za mikono, zisikazwe mwisho gari likiwa juu ya stendi. Zifunge kwa kushika tu, shusha gari likae juu ya magurudumu yake, litikise mara kadhaa lijipange, kisha ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu. Ukikaza likiwa juu, raba inashikwa imejipinda, na kila gari linaposhuka inavutwa mpaka iachane na chuma. Weka kotapini (pini inayozuia nati isifunguke) mpya kwenye kila tairodi endi uliyofungua. Ukishaendesha kilomita 100 hivi, rudi chini na spana, ukaze boliti za panhadi na za steringi boksi kwa mara ya pili.